Kilemba cha ukoka cha Dorothy Dandridge

Kuna tukio katika filamu ya Carmen Jones ya mwaka 1954 ambalo nimelirudia mara nyingi. Ni ndani ya bwalo la kiwanda cha parachuti, Marekani, wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Wafanyakazi na askari wamekaa wanakula. Anaingia mwanamke kavaa blauzi nyeusi na sketi nyekundu iliyombana, anapita katikati ya meza kama mtu anayepita sebuleni kwake, na shingo zinageuka. Kisha anaimba. Siku ukiitazama, angalia koo lake. Midomo inafuata kila silabi, mabega yanaitikia kila noti, jicho linajua lini limtupie koplo Joe na lini limnyime. Ila sauti unayoisikia imetoka kwenye koo jingine. Ni ya Marilyn Horne, binti wa Kizungu aliyekuwa na umri wa miaka 20 hivi, ambaye baadaye alikuja kuwa mmoja wa waimbaji wakubwa wa opera duniani. Na tumpe haki yake: alijitahidi sana kuifananisha sauti yake na namna mwenzake alivyozungumza.

Mwenye macho na mabega ni Dorothy Dandridge, mwanamke aliyekuwa akila kwa kuimba tangu utotoni.

Sababu ya kumwazima sauti ilikuwa ya kimuziki. Nyimbo zile ni za Georges Bizet, mtunzi wa opera ya Carmen, zikawekewa maneno mapya na Oscar Hammerstein II, na zilitaka sauti ya opera. Harry Belafonte aliyecheza Joe, mwimbaji naye, aliazimwa sauti ya LeVern Hutcherson. Sina ugomvi na hilo. Lakini kila nikilitazama tukio hili naona limebeba maisha yake yote ya kazi. Hollywood iliupenda uso wake, ikauweka kwenye majalada na kwenye orodha ya Oscar, halafu ilipofika zamu ya kumpa kazi ya kuendeleza jina hilo, ikawa haina. Waswahili tuna jina la heshima ya namna hiyo: kilemba cha ukoka.

Alizaliwa Cleveland, jimbo la Ohio, tarehe 9 Novemba 1922. Baba na mama walikuwa wameshatengana. Mama yake, Ruby, alikuwa msanii, na mapema akaona kwamba binti zake wawili, Vivian na Dorothy, wana kitu. Akawaunda kuwa kikundi kilichoitwa The Wonder Children, wakawa wanazungushwa kwenye makanisa ya Wamarekani Weusi ya majimbo ya kusini, wakiimba, wakicheza na kughani mashairi. Aliyewasimamia ni rafiki wa mama yao, Geneva Williams, mwanamke mwenye mkono mzito. Shule waliidonoa tu. Mdororo mkuu wa uchumi ulipozikausha sadaka za makanisa, familia ilihamia Los Angeles, ambako Ruby mwenyewe alipata vijisehemu vya sinema na redio, na mara nyingi alichopewa kucheza kilikuwa kilekile: mfanyakazi wa ndani. Naomba hilo likumbukwe, maana Dorothy alikulia katika nyumba ambamo mama anaondoka asubuhi kwenda kuvaa aproni mbele ya kamera. Alijua fika ngazi ile inaanzia wapi na inaishia wapi.

Ujana wake aliumalizia katika kundi la wasichana watatu, The Dandridge Sisters, lililofika hadi Cotton Club ya New York. Mwaka 1941 alionekana katika Sun Valley Serenade pamoja na ndugu wawili wacheza dansi, Nicholas Brothers. Mmoja wao, Harold, alimwoa mwaka uliofuata. Miaka hiyohiyo alitengeneza filamu fupi za wimbo mmoja mmoja, za dakika tatu hivi, zilizochezwa kwenye mashine za baa na vituo vya mabasi. Mtu alitumbukiza sarafu ya senti 10 akatazama. Hizo zimebaki, na katika baadhi yake anaimba mwenyewe, mchangamfu, akiwa bado hajafika miaka 20.

Ndoa ile haikumpa raha. Mwaka 1943 walipata binti, na baadaye ikaonekana kwamba mtoto alikuwa na madhara makubwa ya ubongo. Hakuwahi kuzungumza na mama yake kama watoto wengine. Dorothy alijilaumu kwa hilo maisha yake yote, na kwa miaka mingi alimlipa mlezi binafsi amtunze. Ukitaka kujua kwa nini alikubali maonyesho mengi ya usiku kuliko mwili wake ulivyoweza, gharama hiyo ya kila mwezi ni sehemu kubwa ya jibu. Waliachana rasmi na Harold mwaka 1951.

Kilichomlisha kilikuwa klabu za usiku. Alifunzwa upya na mpanga muziki Phil Moore, akajaza Mocambo ya Hollywood na La Vie en Rose ya New York, na mwaka 1955 akaimba kwenye Empire Room ya hoteli ya Waldorf-Astoria, ukumbi ambao milango yake haikuwahi kufunguliwa hivyo kwa msanii Mweusi. Huku nyuma, hoteli za Las Vegas za mwanzoni mwa miaka ya 1950 zilikuwa zikiuza tiketi kwa majina ya wasanii Weusi na papo hapo zikiwakataza kulala vyumbani mwao au kula katika kumbi zao. Mtu alishuka jukwaani kwa makofi, akatokea mlango wa nyuma, akaenda kutafuta kitanda mtaa wa pili.

Kwenye sinema alikuwa akiokota alichopewa. Mwaka 1951 alicheza Melmendi, malkia wa kabila la kubuni la Afrika, katika Tarzan's Peril. Filamu hiyo ina picha zilizochukuliwa kweli huku kwetu Afrika Mashariki, zikachanganywa na matukio yaliyotengenezwa Hollywood. Inaniuma kuitazama. Nchi yetu ni pazia la nyuma, watu wetu ni umati wa kupiga kelele, na mwanamke mwenye kipawa kama kile anafungwa kamba ili Tarzan apate wa kumwokoa. Hata hivyo anayasema maneno yale ya ovyo kwa hadhi ya malkia. Miaka miwili baadaye studio ya MGM ilimpa Bright Road, filamu ndogo ambamo ni mwalimu wa shule ya watoto Weusi anayehangaika na mwanafunzi mmoja mgumu. Hakuna vumbi la wanyama wala kamba. Belafonte, katika filamu yake ya kwanza, ni mwalimu mkuu. Anayetaka kujua Dorothy angeweza kuwa nani kama angepewa nafasi ya kucheza watu wa kawaida, aanzie kwenye filamu hiyo.

Kisha ikaja Carmen. Mwongozaji Otto Preminger alimwona kwanza akasema huyu ni wa staha mno. Akamfikiria kwa nafasi ya Cindy Lou, msichana mpole aliyeachwa. Dorothy akaondoka, akatafuta wigi, sketi na blauzi ya kuonyesha mabega, akabadili mwendo, akarudi ofisini kwake. Preminger akamwona Carmen amesimama mlangoni. Napenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha ufundi. Uzuri alikuwa nao tangu siku ya kwanza na haukumsaidia. Kilichompa kazi ni uwezo wa kujigeuza.

Filamu ilianza kuonyeshwa New York mwishoni mwa Oktoba 1954, na tarehe 1 Novemba jarida la Life likamweka kwenye jalada, mwanamke Mweusi wa kwanza kupata nafasi hiyo. Baada ya hapo likaja ambalo halikuwahi kumtokea mwanamke Mweusi: akateuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike katika nafasi kuu. Kabla yake mwigizaji Mweusi Hattie McDaniel alikuwa ameshinda tuzo ya mwigizaji msaidizi mwaka 1940, akiwa ameketishwa kwenye meza ya pembeni, mbali na wenzake Wazungu wa filamu hiyohiyo. Dorothy alikuwa kwenye orodha moja na Judy Garland, Audrey Hepburn, Jane Wyman na Grace Kelly. Usiku wa tarehe 30 Machi 1955 aliyeshinda ni Grace Kelly. Dorothy yeye alipanda jukwaani kumkabidhi mtu mwingine tuzo ya uhariri wa filamu.

Mimi sioni dhuluma katika kushindwa. Judy Garland naye alishindwa usiku ule, na watu wanabishana hadi leo. Dhuluma ninaiona katika miezi iliyofuata.

Mwezi Februari mwaka huohuo, kampuni ya 20th Century Fox ilikuwa imempa mkataba wa filamu tatu, kuanzia dola 75,000 kwa filamu. Ni fedha nzuri, na ni ahadi kwamba atajengwa kuwa nyota. Sasa tupige hesabu. Audrey Hepburn, mwenzake kwenye orodha ile, kufikia mwisho wa mwaka 1957 alikuwa ametoka katika filamu tatu mpya, zote akiwa kinara. Dorothy, muda huohuo, alikuwa ametoka katika moja, na humo ni mmoja wa wengi. Miaka mitatu ya ujana wa mwigizaji, akiwa kwenye kilele cha jina lake, ilipita akisubiri simu na kuimba klabuni.

Kwa nini? Jibu la haraka ni ubaguzi wa rangi, na ni jibu sahihi, lakini linatakiwa kufunguliwa ili tuone ulifanya kazi vipi kila siku ofisini. Tangu mwaka 1934 studio zilibanwa na kanuni za maadili zilizoitwa Kanuni za Hays, na mojawapo ilikataza kuonyesha mapenzi kati ya Mzungu na Mtu Mweusi. Kifungu hicho kilikaa hadi mwaka 1956. Katika majimbo mengi, ndoa ya namna hiyo yenyewe ilikuwa kosa kisheria; Mahakama Kuu ya Marekani ilizifuta sheria hizo mwaka 1967, miaka miwili baada ya Dorothy kufariki. Sasa fikiria kinara wa kike wa sinema za enzi zile anafanya nini. Anapendwa. Hadithi nzima inazunguka swali la nani atampata. Mwanamke Mweusi akipendwa na Mzungu, kanuni inazuia. Akipendwa na mwanamume Mweusi, basi filamu inageuka kuwa ya Weusi watupu, na studio zilitengeneza hizo kwa nadra sana. Zikiondolewa njia hizo mbili, hakubaki hadithi ya kumpa.

Ndiyo maana mfano wa Sidney Poitier, ambao watu huuleta kila mjadala huu unapoanza, haunishawishi. Poitier alikuwa kijana wa rika la karibu na lake, na mwaka 1964 alitwaa Oscar ya kinara wa kiume. Kama yeye aliweza, wanauliza, Dorothy alishindwa nini? Jibu ni kwamba mwanamume angeweza kuandikiwa hadithi isiyo na mapenzi. Poitier alipewa kuwa daktari, mwalimu, mfungwa aliyetoroka, fundi anayewajengea watawa kanisa. Alibeba filamu nzima bila kumshika mtu mkono. Hollywood haikujua kumwandikia mwanamke wa sura ya Dorothy hadithi ya namna hiyo, na Bright Road, ambayo ilikuwa ushahidi kwamba inawezekana, haikuuza vya kutosha kumshawishi mtu.

Zaidi ya hapo, hata nafasi chache za wanawake Weusi zenye uzito zilikuwa zikipewa wengine. Mwaka 1949 Fox hiyohiyo ilitengeneza Pinky, hadithi ya msichana Mweusi mwenye ngozi nyeupe kiasi cha kudhaniwa Mzungu. Akapewa Jeanne Crain, ambaye ni Mzungu, na akateuliwa kuwania Oscar ya kinara. Mwaka 1951 MGM ilitaka Julie wa Show Boat, mwanamke mwenye asili ya Kiafrika anayeificha. Lena Horne, mwimbaji Mweusi, alikuwa amewahi kusaini nao mkataba. Kazi akapewa Ava Gardner. Huyo Lena alikuwa ametumia miaka ya 1940 akisimama peke yake kwenye nguzo akiimba wimbo mmoja, ili wenye kumbi za kusini waweze kukikata kipande kile na filamu ikaendelea bila pengo. Dorothy alikuwa anayaona yote haya. Hakuna aliyehitaji kumwandikia barua ya kumfafanulia.

Hapa ndipo linapokuja suala la Tuptim, ambalo waandishi wengi wanaliita kosa lake kubwa. Fox ilimtaka acheze msichana huyo katika The King and I: mtumwa aliyetolewa zawadi kwa mfalme, nafasi ya pili katika filamu ya nyota wengine. Alikubali kwanza, kisha akakataa. Rita Moreno akaichukua na filamu ikafanikiwa sana mwaka 1956. Inajulikana kwamba aliyemshauri akatae ni Preminger, ambaye wakati huo, ingawa ana mke, alikuwa mpenzi wake. Alimwambia kwamba ukishakuwa kinara usirudi nyuma.

Nimelipima jambo hili muda mrefu, na nasimama upande wa Dorothy. Aliteuliwa kuwa mmoja wa waigizaji watano bora wa mwaka, halafu kazi ya kwanza anayoletewa ni ya mtumwa wa pembeni. Grace Kelly angeletewa hiyo? Kukataa kulikuwa ni kusema thamani yangu ni ileile mliyoitangaza wenyewe. Ila na ushauri ule nao naulaumu kwa jambo moja: mtoa ushauri hakuwa na cha kupoteza. Preminger aliendelea kutengeneza filamu moja baada ya nyingine. Aliyebaki na hasira za wakubwa wa Fox, kodi ya nyumba na malipo ya mlezi wa mtoto, ni Dorothy.

Kazi ilipokuja ilikuja na masharti. Island in the Sun ilipigwa picha Barbados na Grenada, ikatoka mwaka 1957. Dorothy ni Margot, mhudumu wa duka la dawa kisiwani, na anayempenda ni ofisa Mwingereza anayechezwa na John Justin. Wanacheza dansi. Wanakaribiana. Anamshika, wanakumbatiana, mashavu yanagusana, na kamera inasubiri. Busu la midomo halifiki. Kifungu cha kanuni kilikuwa kimeshaondolewa, lakini woga ulikuwa bado uko palepale, na hata neno la kutamka mapenzi lilibidi lipiganiwe kwenye mswada. Pamoja na tahadhari zote hizo, wabunge wa South Carolina walijadili kuwatoza faini ya dola 5,000 wenye kumbi watakaoionyesha. Na bado watazamaji walijaa. Studio zilikuwa zikisema kwa miaka mingi kwamba soko la kusini halitakubali. Filamu ile iliingiza fedha nyingi, na wakubwa walewale hawakubadili chochote katika namna walivyomtumia.

Akaenda Ulaya. Tamango, ya mwongozaji John Berry, Mmarekani aliyekimbia orodha nyeusi ya enzi za kuwasaka Wakomunisti, ni hadithi ya uasi ndani ya meli ya watumwa. Dorothy ni Aiché, mwanamke wa nahodha, ambaye analazimika kuchagua kati ya usalama wa kitanda cha mzungu na watu wake walio na minyororo chini ya sitaha. Humo anabusiwa. Humo pia ana kitu cha kufikiria, na unamwona akifikiria: uso unabadilika polepole, kuanzia dharau kwa mateka hadi aibu, hadi uamuzi. Mimi naiweka kazi hii karibu sana na Carmen. Ufaransa iliizuia isionyeshwe katika makoloni yake, ikihofia itawachochea wenyeji. Kwa hiyo mwaka 1958, Mwafrika wa Dakar aliruhusiwa kumtazama Tarzan, na hakuruhusiwa kumtazama Dorothy Dandridge akishuka ngazi kwenda kuungana na waasi.

Mwaka uliotangulia, 1957, alisimama mahakamani Los Angeles. Jarida la udaku la Confidential, lililokuwa likishitakiwa na serikali ya jimbo la California, liliwahi kuandika kwamba alifanya mapenzi msituni na Mzungu karibu na Lake Tahoe mwaka 1950. Dorothy alikuwa ameshalidai na kulipwa dola 10,000 kwa makubaliano. Sasa akaitwa kutoa ushahidi. Utetezi wake ulikuwa mwepesi na wa kutisha: isingewezekana, kwa sababu katika hoteli zile msanii Mweusi hakuwa na uhuru wa kuzurura hivyo wala kuchangamana na wageni Wazungu. Ubaguzi uliomfungia chumbani ndio ukawa shahidi wake. Wasanii wengi wakubwa walikwepa kufika mahakamani kwa kesi ile. Yeye na mwigizaji mwenzake Maureen O'Hara walifika.

Filamu ya Porgy and Bess, iliyotokana na opera ya George Gershwin, nitaipitia haraka, kwa kuwa ni sura ya huzuni na hakuna cha kuipamba. Mtayarishaji Samuel Goldwyn alitaka onyesho kubwa. Belafonte alikataa kushiriki kwa sababu wahusika walikuwa walevi, wauza unga na watu wa kupiga magoti. Seti iliungua moto Julai 1958. Mwongozaji wa kwanza akafukuzwa, na aliyeletwa badala yake ni Preminger, sasa mpenzi wa zamani, ambaye alimkaripia mbele ya wenzake. Wimbo akaazimwa tena sauti, safari hii ya Adele Addison. Aliteuliwa kuwania Golden Globe. Baadaye warithi wa Gershwin waliiondoa filamu kwenye mzunguko, hata leo kuiona ni kazi. Moja ya nafasi zake chache kuu katika sinema ya Marekani, kwa hiyo, imefungiwa.

Mwaka 1959 aliolewa na Jack Denison, mwenye mgahawa; ikaisha mwaka 1962. Fedha alizowekeza kwenye visima vya mafuta zilipotea, kodi za nyuma zikadaiwa, na mwaka 1963 akatangaza kufilisika. Nyumba ikaenda. Malipo ya mlezi yalipokatika, mtoto akarudishwa kwake, na hatimaye akalazimika kumpeleka hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili huko Camarillo. Tarehe 8 Septemba 1965 meneja wake alimkuta amekufa katika nyumba yake West Hollywood. Alikuwa na miaka 42, na alikuwa amejiandaa kwenda New York kuimba. Uchunguzi mmoja ulitaja dawa ya sonona iliyozidi. Mwingine ulitaja mafuta yaliyoingia kwenye damu kutokana na mvunjiko mdogo wa mguu. Benki kulikuwa na dola 2.14.

Namba hiyo imeandikwa kuliko filamu zake zote. Wanaosimulia maisha yake huipenda, kwa kuwa inamgeuza kuwa mrembo aliyeandamwa na bahati mbaya: wanaume wabaya, mtoto mgonjwa, vidonge. Hayo yote yalimpata. Lakini wanawake wengi wa Hollywood walipata wanaume wabaya na vidonge, na bado Jumatatu iliyofuata walikuwa na mahali pa kwenda kufanya kazi. Msiba wa Dorothy ulikuwa na maamuzi ndani yake, yaliyofanywa na watu wenye ofisi na saini, kwenye mikutano ya kawaida, mwaka hadi mwaka. Mcheza kwao hutuzwa, tunasema. Yeye alicheza kwao.

Tarehe 24 Machi 2002 Halle Berry alishinda Oscar ile ambayo Dorothy alikuwa wa kwanza kuikaribia. Ilikuwa imepita miaka 47 tangu usiku wa Grace Kelly. Berry naye ni mzaliwa wa Cleveland, na mwaka 1999 alikuwa amemcheza Dorothy katika filamu ya televisheni. Akilia jukwaani, alimtaja kwa jina. Nafurahi alimtaja. Ila swali la kazi liko palepale, maana hadi ninapoandika hakuna mwanamke Mweusi mwingine aliyeichukua tuzo hiyo.

Kuna kitu kimoja zaidi, na ndicho kilichonifanya nikae kuandika. Mwaka 1958 Dorothy aliingia kurekodi na kampuni ya Verve, akiwa na mpiga piano Oscar Peterson na wenzake. Rekodi zikawekwa kabatini. Albamu ilitoka mwaka 1999, miaka 34 baada ya kufa kwake. Sauti ni ya karibu, nyepesi, haisukumwi. Anatamka maneno kama anayezungumza na mtu mmoja aliyekaa meza ya mbele. Unasikia miaka yote ile ya klabu. Unasikia pumzi.

Siku niliyoipata nilirudi kwenye tukio la bwalo, nikaifunga sauti ya filamu, nikaiweka rekodi pembeni. Bila shaka midomo haikulingana na maneno. Nikaziacha zikacheza pamoja hadi mwisho.